NAULI ZA MELI ZA KITALII NA NAMNA TIKETI ZAKE ZINAVYOKATWA

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watembeza wageni, madereva wa teksi, wenye mashua na wafanya biashara wa Mji Mkongwe, kabla ya kuanza kwa msimu wa meli. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wananchi wote.)



Nilipoulizwa nizungumze juu ya jambo gani, wengi walitegemea kwamba nitazungumzia leseni, usafi wa gati, au wale vijana wanaowakimbilia wageni pale getini. Mambo hayo yana siku yake. Leo nimechagua kuzungumzia nauli. Sababu yake ni kwamba kila msimu huyasikia malalamiko yale yale: kwamba abiria wa meli kubwa ni mabahili, kwamba wanashuka mia kwa mia na jioni wanapanda na kofia moja ya ukili mkononi, na kwamba mgeni wa hoteli wa siku tatu ana faida kuliko meli nzima. Malalamiko hayo yana ukweli ndani yake, lakini anayelalamika aghalabu hajui yule mgeni amelipa nini kabla hajakanyaga ardhi yetu, amelipa lini, na kwa masharti gani. Ukiijua tiketi yake, utamjua na yeye.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka meli za Kampuni ya British India, Karanja na Kampala, zilizokuwa zikija kutoka Bombay na kuteremka pwani yote hii hadi Durban. Zama hizo nauli ilikuwa jambo la wazi. Mtu alikuwa wa daraja la kwanza, au la pili, au alikuwa wa deki na mkeka wake. Alilipa ili afike mahali, na alipofika, hesabu baina yake na meli ilikwisha. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na meli nyengine iliyoitwa Uganda, iliyojengwa mwaka 1952 kwa safari za London na Afrika ya Mashariki. Abiria walipohamia kwenye ndege, meli hiyo haikuuzwa chuma chakavu. Mwaka 1968 ilianza maisha mapya ya kuwachukua wanafunzi wa skuli katika ziara za baharini, watoto wakilala katika mabweni na watu wazima katika vyumba vyao. Mabadiliko yalikuwa hapo. Mtu hakulipia tena kufika. Alilipia kukaa ndani ya meli, na bandari zikawa mapambo ya safari.

Sasa tuitazame tiketi yenyewe. Bei inayotangazwa ni ya mtu mmoja, lakini imepigwa kwa hesabu ya watu wawili kulala chumba kimoja. Hili ni jambo la kwanza la kufahamu, na wengi hawalifahamu hata huko zinakotoka meli. Anayesafiri peke yake hatozwi nusu ya chumba. Hutozwa nyongeza, na mara nyingi nyongeza hiyo hufikia nauli kamili ya mtu wa pili ambaye hayupo. Nakumbuka bibi mmoja mtu mzima, niliyekaa naye barazani Forodhani akisubiri mashua ya kumrudisha melini. Aliniambia kwamba safari kama ile aliifanya na mumewe miaka mingi, na tangu mumewe afariki amekuwa akilipa vile vile kama wako wawili. Alisema kwa utani, lakini si utani wote. Baadhi ya kampuni zimeanza kuliona hilo. Meli ya Norwegian Epic iliyotoka mwaka 2010 ilijengwa na vyumba vidogo maalumu vya mtu mmoja, na wengine wakafuata. Hata hivyo vyumba hivyo ni vichache na huwahi kumalizika.

Vyumba, au kamra kama walivyokuwa wakiziita mabaharia wetu, viko vya namna nne kwa jumla. Kuna cha ndani kisicho na dirisha, ambacho ndicho rahisi kuliko vyote. Kuna chenye dirisha la kutazama bahari, na hapa mnunuzi aangalie, maana viko vinavyouzwa kwa bei ya chini kidogo kwa kuwa dirisha lake limezibwa na mashua ya kuokolea. Kuna chenye roshani. Mwisho kuna vyumba vya fahari vyenye sebule na mtumishi. Wote hao hula katika meli moja na hushuka katika bandari moja, ingawa mmoja pengine amelipa mara tano ya mwenzake. Kwa hiyo mtembeza wageni anayedhani kwamba meli ikiwa kubwa na nyeupe basi kila aliyemo ni tajiri, amekosea. Wengi katika vyumba vya ndani ni wastaafu waliodunduliza, na mwalimu wa skuli yumo, na muuguzi yumo.

Nauli hiyo inachukua nini? Inachukua malazi, chakula cha ukumbi mkuu, michezo ya usiku na usafiri wenyewe. Katika kampuni nyingi kubwa haichukui vinywaji, intaneti, mikahawa ya ziada, wala matembezi ya nchi kavu. Haichukui pia bakhshishi ya wafanyakazi, ambayo siku hizi huandikwa katika hesabu ya kila abiria kwa kila siku, apende asipende, mpaka aende mwenyewe kuomba iondolewe. Katika meli zinazouzwa Marekani kiwango chake huwa kama dola 16 hadi 20 na zaidi kwa mtu kwa siku. Tuchukue dola 18. Mume na mke katika safari ya siku 14 watakuwa wamelipa dola 504 za bakhshishi kabla hawajamkuta yeyote kati yetu. Mtu huyo akishuka Malindi na kuambiwa atoe bakhshishi kwa kuonyeshwa mlango, kisha kwa kubebewa mfuko, kisha kwa kupigwa picha, atakunja uso. Huo si ubahili. Ni mtu aliyechoka.

Tena kuna ada za bandari na kodi. Kwa miaka mingi kampuni zilikuwa zikitangaza bei ndogo kwa herufi kubwa, na ada hizo zikija baadaye kwa herufi ndogo. Katika jimbo la California sheria ilianza kutumika tarehe 1 Julai, 2024, inayotaka bei inayotangazwa iwe na ada za lazima ndani yake, na kampuni kadhaa kubwa zikaamua kufanya hivyo Marekani nzima. Hata hivyo, kodi za serikali zinaweza bado kuongezwa mwishoni. Ziko pia kampuni za daraja la juu, kama vile Silversea na Regent Seven Seas, ambazo nauli yao ni nzito lakini imeingiza karibu kila kitu, na katika Regent hata matembezi mengi ya bandarini yamo. Abiria wa meli hizo huonekana wakarimu zaidi. Kwa kiasi fulani ni kwa sababu hawahesabu tena.

Ama kuhusu kukata tiketi, mtu anaweza kwenda kwa kampuni yenyewe au kwa wakala. Wakala hulipwa ujira wake na kampuni kutoka katika nauli, kwa hiyo mnunuzi kwa kawaida hapati nafuu ya bei kwa kumkwepa, na pengine hupoteza mtu wa kumsemea safari ikiharibika. Anayekata mapema, mwaka mzima kabla au zaidi, huchagua chumba anachokitaka. Anayengojea mwisho huweza kupata bei ndogo ikiwa meli haijajaa, lakini hachagui kitu, na nauli ya ndege ya dakika za mwisho huweza kumla faida yote. Katikati yao kuna tiketi ya namna ya tatu, ambayo naona ndiyo inayopendwa na wajanja: mtu hulipia aina ya chumba tu, na kampuni ndiyo itakayomwekea nambari karibu na safari. Hawezi kupewa cha chini ya alicholipia. Anaweza kupewa bora zaidi, na anaweza pia kupewa kilicho juu ya mtambo wa nanga.

Kampuni hupandisha na kuteremsha bei kila siku kwa kadiri vyumba vinavyojaa, mfano wa mnada wa samaki. Majirani wawili mezani hawakulipa sawa, na si adabu kuulizana.

Liko jambo moja katika ukataji wa tiketi ambalo lina manufaa kwetu moja kwa moja, nalo ni tiketi za kikundi. Kampuni nyingi huhesabu vyumba vinane, yaani watu 16, kuwa ni kikundi, na kwa kila watu 16 hutoa nafasi moja ya bure ambayo kiongozi wa kikundi huitumia au huigawa thamani yake kwa wenzake. Kikundi kama hicho huwa na mtu mmoja anayekiamulia: mwalimu wa historia, mwenyekiti wa chama cha wapenda ndege, na kadhalika. Mtu huyo hutafuta matembezi yake miezi mingi kabla. Mwenye kampuni ya kutembeza wageni hapa Unguja ambaye anangoja meli ionekane ndipo aamke, hatampata.

Sasa nije kwenye arubuni. Anayekata tiketi hutoa arubuni, na salio hulipa kabla ya safari, mara nyingi siku 90 kabla, zaidi kwa safari ndefu. Ziko nauli ambazo arubuni yake hurejeshwa mtu akibadili nia kabla ya malipo ya mwisho, na ziko za bei nafuu ambazo arubuni yake hairudi kabisa. Baada ya malipo ya mwisho, kadiri siku ya safari inavyokaribia ndivyo sehemu inayopotea inavyokuwa kubwa, mpaka inakuwa ni nauli nzima.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu siku hizi wako wananchi wenzetu ambao watoto wao wako Oman, Dubai au Ulaya, na watoto hao wanataka kuwafurahisha wazee wao kwa safari ya meli. Ni jambo jema. Lakini ninawafahamu wazee wawili, mtu na mkewe, waliokatiwa tiketi ya bei nafuu ya Bahari ya Mediterania, viza ikachelewa, na fedha zote za kijana wao zikapotea. Walihisi aibu, kana kwamba wao ndio waliokosa. Basi viza itangulie, au ikatwe tiketi ambayo fedha yake hurudi. Na viza yenyewe iangaliwe: meli ikitoka Italia ikaenda Uturuki na kurudi Italia, abiria ametoka katika nchi za Schengen na kuingia tena, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haimfai. Jina katika tiketi liwe lile lile lililomo katika pasi, na si lile analoitwa mtu mtaani kwao.

Ndugu Mwenyekiti, sehemu iliyobaki ndiyo iliyonileta hapa.

Abiria anaponunua matembezi ya nchi kavu ana njia mbili. Anaweza kuyanunua kwa meli yenyewe, ambayo imepatana na kampuni ya hapa, ikabakiza sehemu yake na kumtoza mgeni zaidi. Au anaweza kujipatia mwenyewe, kwa mtu aliyemwandikia kabla au kwa yeyote atakayemkuta gatini. Njia ya pili ni nafuu kwake na ina faida kubwa kwetu, kwa sababu fedha haikupita mikono mitatu. Lakini anayechukua njia ya kwanza ana ahadi mkononi: gari la matembezi ya meli likichelewa, meli humngojea, na ikishindikana kampuni humfikisha bandari inayofuata kwa gharama yake. Anayechukua njia ya pili hana ahadi hiyo. Meli itang'oa nanga.

Msifikiri kwamba haya ni maneno ya kutishia. Mwishoni mwa mwezi wa Machi, 2024, meli ya Norwegian Dawn ilisimama São Tomé, kisiwa kama hiki chetu upande wa pili wa Afrika. Abiria wanane, Wamarekani sita na Waaustralia wawili, walikwenda matembezi ambayo hayakupangwa na meli, na wakachelewa kurudi. Walipofika pwani meli ilikuwa bado inaonekana imetia nanga. Askari wa ulinzi wa pwani wakawapakia katika boti mpaka ubavuni mwake, lakini hawakuruhusiwa kupanda. Pasi zao zilikuwa zimekwisha kukabidhiwa kwa wakala wa bandari. Wakaanza kuifuata kwa njia za angani na barabara. Wakaenda Gambia, na meli haikuweza kuingia huko kwa hali ya maji. Mwishowe wakaipata Dakar, Senegal. Gharama nyingi za njiani zilikuwa juu yao. Khabari hiyo ilitangazwa dunia nzima, na jina la kisiwa kile likatajwa pamoja na balaa hilo, ingawa sidhani kama wakaazi wake walikuwa na kosa lolote.

Mimi sitaki jina la Unguja litajwe hivyo. Na haliwezi kulindwa kwa tangazo la Serikali; litalindwa na dereva mmoja anayejua kwamba Jozani iko kama kilomita 35 kutoka mjini, na kwamba mvua ikinyesha au lori likiharibika njiani hesabu yote inabadilika.

Kwa hiyo tuzungumze saa. Kuna saa ya meli kuondoka, na kuna saa ya mwisho ya abiria kuwa melini, ambayo kwa kawaida hutangulia kwa nusu saa au saa nzima. Hii ya pili ndiyo ya kuuliza. Iwapo meli imetia nanga nje na abiria wanaletwa kwa mashua, uliza mashua ya mwisho inaondoka gatini saa ngapi, maana hiyo hutangulia zaidi. Kisha uliza saa hiyo ni ya nani. Meli iliyotoka Shelisheli huweza kuwa haijarudisha saa zake, na huko wametutangulia kwa saa moja. Iliyotoka Msumbiji huweza kuwa nyuma yetu kwa saa moja. Nahodha hafuati saa yetu, hufuata saa ya meli yake. Kumi ya jioni ya meli huweza kuwa tisa yetu.

Na jambo la mwisho katika hili ni letu wenyewe. Mgeni akikwambia kwa Kiingereza kwamba arudi saa nne, ana maana ya saa kumi jioni. Mtu mzima mwenye leseni hawezi kukosea hilo, mtasema. Lakini niliwahi kusimama gatini na kijana mzuri, mwenye bidii, aliyekuwa ameambiwa saa na mgeni wake akaiandika katika kitabu chake, halafu akampa kitabu dereva. Yeye aliandika kizungu, dereva akasoma Kiswahili. Wageni walifika mashua ya mwisho ikiwa imefunguliwa kamba, na kilichowaokoa ni baharia mmoja aliyekuwa na huruma. Dawa yake ni ndogo: andika 16.00, au mwonyeshe dereva mshale wa saa yako ya mkononi, na umfanye yeye ndiye akuambie wewe ni saa ngapi.

Ninashauri, na wenye kampuni wameniambia linawezekana, kwamba matembezi ya marefu yauzwe asubuhi tu, na baada ya adhuhuri mgeni apelekwe karibu: Mji Mkongwe, au Changuu ikiwa bahari ni shwari. Ninashauri pia kwamba mgeni atamkiwe wazi, kabla hajatoa fedha, saa ya kurudi mjini ambayo ni saa mbili kabla ya saa ya mwisho ya meli. Mgeni akiona umeijua saa yake kuliko yeye anavyoijua, atakuamini, na atawaambia wenzake mezani usiku ule. Wanaokata tiketi za safari ndefu huzungumza sana mezani. Hawana kazi nyengine.

Nilikuwa nimalizie hapo, lakini ndugu mmoja mwenye mkahawa ameniletea swali kwa karatasi, nami nitalijibu. Anauliza kwa nini meli iliyotangazwa kuja msimu uliopita haikufika, wakati yeye alikwisha nunua pweza na kamba wa watu 60, na nani atamlipa. Ndugu yangu, katika masharti ya tiketi kampuni imejiwekea haki ya kuacha bandari yoyote kwa ajili ya hali ya hewa, usalama au sababu nyengine. Abiria wenyewe kwa kawaida hurejeshewa ada ya bandari tu. Ikiwa abiria aliyelipa nauli nzima hapati zaidi ya hapo, wewe hutapata kitu. Upepo wa kaskazi ukivuma kwa nguvu, mashua haziwezi kukaa ubavuni mwa meli, na nahodha atapita. Kwa hiyo siku ya meli mpelekee mtu wako bandarini alfajiri akaulize kwa wakala kama meli imekwisha pokea rubani. Ukipata jibu kwamba imempokea, ndipo uende sokoni.